Spirulina, klorela au nano? Tangi wazi au chupa? Vile nimelinganisha hapa Mombasa

Hapa nalinganisha mwani mdogo wa majini wa kufuga nyumbani, na vyombo vya kuufugia. Nianze na chupa saba, manake hizo ndo zilinifunza kuliko video zote nilizokesha nikiangalia.

Ilikuwa Februari, nyumbani Kisauni. Nilikuwa nishapata mbegu ya spirulina, yaani maji yenye mwani hai wa kuanzishia, nikaigawa mara mbili. Nusu nikaitia kwenye zile chupa za lita 20 za maji ya kunywa, nikazipanga kwenye ukuta unaotazama magharibi, kila chupa na kamrija kake ka hewa kutoka pampu ya akwariamu, zikapendeza kwelikweli mpaka watoto wa mtaa wakawa wanakuja kupiga picha. Nusu ya pili nikaimwaga tu kwenye beseni pana la plastiki chini ya mkungu, bila pampu bila nini, nikawa naikoroga na mwiko nikikumbuka. Wiki ya kwanza chupa zilishinda bila ubishi, kijani kimekolea na beseni bado limepauka, nikaanza kujiona fundi. Siku ya tisa, saa nane mchana, nikatia kipimajoto kwenye chupa: 44. Nikaenda kwenye beseni: 33. Kesho yake asubuhi chupa zimejaa povu, maji yamegeuka buluu kama yametiwa wino, na ile harufu usiseme, jirani yangu bi mkubwa akaniita akiwa upande wa pili wa ukuta, "Mwanangu, huyo pweza umemsahau tangu lini?"

Ile buluu ni rangi ya ndani ya spirulina yenyewe, fikosianini, seli zikipasuka inamwagika. Ukiona maji ya kijani yameingia ubuluu ujue kishanuka. Beseni la chini ya mkungu likaendelea, na mbegu ninayotumia mpaka leo ilitoka pale.

Kwa hivo ulinganisho wangu wote unazunguka jambo moja, kwamba hapa pwani kinachoamua si nini kinazaa zaidi kwenye karatasi, ni nini kitavuka saa nane mchana ya Februari na Machi. Mengine yaja baadaye. Na kabla hujauliza, hapa sizungumzii ule mwani wa kufunga kwenye kamba baharini kama wa kina mama wa Kibuyuni kule Kwale. Hawa ni wadogo sana, mmoja mmoja huwaoni bila hadubini, wakijazana ndo unaona maji ya kijani.

Haya, tuanze na mbegu yenyewe.

Spirulina yapenda joto, digrii 30 hadi 37, karibu 35 ndo raha yake, ikivuka 40 yaanza kufa na ikishuka chini ya 20 yalala tu haikui. Halafu yapenda maji makali ya magadi, pH (kipimo cha uchachu na umagadi wa maji, 7 ndo katikati) ya 9 mpaka 10 na ushee, ile ya kuteleza mikononi kama sabuni. Ndo maana kwa asili yake utaikuta kwenye maziwa ya magadi, heroe wa Nakuru na Bogoria hula hiyohiyo, na kule Ziwa Chad wanawake wa Kikanembu wamekuwa wakiichota na kuianika tangu zamani, wanaita dihé. Sasa huo ukali ndo ngome yake, vijidudu vingi vinavyoharibu mwani mwingine haviwezi kuishi mle ndani. (Wanasayansi watakwambia spirulina hata si mwani kamili, ni bakteria wa kijani-buluu. Sawa, ila tangi halijali.)

Klorela ni mambo mengine. Aina nyingi zataka 25 hadi 30, na pH ya kawaida, 7 hivi. Maana yake maji yanayomfaa klorela yamfaa kila mtu, inzi, vibuu, na wale wadudu wadogo waitwao rotifa ambao wanaweza kukulia tangi zima kwa siku chache, jana kijani leo maji meupe. Juu ya hayo ngozi yake ni ngumu, lazima ipasuliwe kwa mashine ndo tumbo la binadamu lifaidi, na seli yake ni ndogo, maikroni 2 hadi 10, yapita kwenye kitambaa kama maji. Kuivuna vizuri yataka mashine ya kuzungusha kwa kasi, yaani sentrifyuji. Spirulina yenyewe ni uzi uliojisokota, waidaka na kitambaa ukiwa umekaa kigoda. Hiyo tofauti moja peke yake kwa mtu wa nyumbani imemaliza mashindano.

Nano, jina kamili Nannochloropsis, ni wa maji ya bahari, mdogo zaidi, maikroni 2 hadi 4, apenda 20 hadi 28. Huyu hufugi ili ule wewe, wafuga kulisha rotifa ambao nao watalisha vifaranga vya samaki wa baharini. Kuna pia Dunaliella, wa maji ya chumvi kali, ndo mmoja wa wale wanaofanya mabwawa ya chumvi yapige wekundu, hutoa beta-karotini nyingi. Kama una shamba la chumvi huko Gongoni tuongee, la sivo mpite.

Sasa tangi wazi na chupa. Mbona chupa ifike 44 na beseni liko 33, yote yako kwenye uwanja mmoja? Kivuli cha mkungu kilisaidia, sikatai, ila si kivuli peke yake. Wakumbuka mtungi wa udongo wa bibi, maji yanavuja kidogo kwa nje, yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto, ndo maana maji ya mtungi ni baridi. Beseni wazi ni hivohivo, linapumua. Chupa imezibwa, jua linaingia na joto halina pa kutokea, na hapo ongeza ukuta wa mawe uliopigwa na jua tangu saa sita unairudishia joto mgongoni. Jambo la pili ni oksijeni. Mwani ukifanya kazi mchana unatoa oksijeni nyingi, kwenye beseni inaruka yaenda zake, kwenye chupa nyembamba au mrija mrefu inajilimbikiza mpaka inaanza kumchoma mwani mwenyewe.

Si kwamba mirija ni upuzi. Ukiangalia Ujerumani, mji wa Klötze, wana kiwanda cha klorela chenye mirija ya kioo karibu kilomita 500, iko ndani ya nyumba ya vioo. Kwao baridi ndo adui, kufunga ni akili. Halafu wacheki wale wa spirulina kule Kona, Hawaii, kwenye jua kama letu, wanatumia mabwawa wazi yenye gurudumu la kusukuma maji. Kila mtu na hali ya hewa yake. Mirija inakupa mazao mengi kwa kila lita, uchafu kidogo, maji hayapotei, lakini hapa Mombasa utalipia upoezaji, iwe ni kunyunyizia maji juu yake ama kuzamisha chupa kwenye tangi lingine, na maji kwetu wajua vile yapatikana kwa bahati na mkokoteni.

Tangi wazi nalo lina aibu zake. Ya kwanza kunguru. Hawa kunguru wetu wa Mombasa hawana adabu, nishatoa kwenye tangi kichwa cha dagaa, kipande cha mahamri na siku moja kofia ya chupa ya soda. Lazima neti juu. Ya pili masika. Tangi langu la sasa ni mita 2 kwa 1, kina cha sentimita 20, hizo ni lita 400. Mvua ya milimita 50 ikipiga usiku mmoja wa Mei umeongezewa lita 100 bila kuomba, mbolea yote ya mle ndani imezimuliwa kwa moja ya tano, na kama ukingo ni mfupi mazao yako yanatiririka kwa jirani. Acha ukingo wa sentimita 15 juu ya maji, ama weka paa la nailoni angavu lililoinuliwa huku na huku ili upepo upite. Usilifunge pande zote kama wale wa Limuru na Nairobi wanaotafuta joto la usiku. Sisi joto la bure tunalo, hata Julai kusi ikivuma asubuhi ni 21, 22, spirulina itazubaa kidogo kisha mchana itaamka.

Jua au kivuli? Hapa ndo watu wengi wanateleza, na mimi niliteleza, manake mtu husema huu ni mmea, mmea wapenda jua, basi upate jua lote. Kumbe jua la mchana la hapa kwetu ni mara tano mpaka mara kumi ya lile ambalo uzi mmoja wa spirulina waweza kulitumia. Linalobaki linageuka joto na kuunguza. Tangi likiwa zito nyuzi za juu zinawakinga za chini na mkikoroga zinapeana zamu, hapo jua haliumizi sana. Likiwa jepesi, kama siku za mwanzo umetoka kutia mbegu au umevuna kwa pupa, kila uzi uko juani mtupu, ndani ya siku mbili tangi linageuka njano-njano na nyuzi zinashikana vipande vipande.

Nilijaribu matangi mawili madogo sambamba, mbegu moja, moja wazi kabisa na jingine chini ya neti ya kivuli ya nusu kwa nusu, ile nyeusi ya vitalu vya miche. Siku nne za kwanza la jua lilipauka. La neti likapanda pole pole. Wiki ya tatu, yote yalipokolea (la jua niliokoa kwa kuwekea kanga juu mchana), nikatoa neti asubuhi mpaka saa nne na jioni kuanzia saa kumi, nikairudisha katikati ya siku, na hapo ndo nikapata mazao mazuri kuliko wakati wowote. Kwa hivo mimi nasema neti daima wakati wa mbegu, na tangi likikolea neti ya saa za katikati tu. Mkungu pia ni kivuli, lakini majani yake makubwa yale yanaanguka mle ndani yanatoa rangi ya chai, nishauhama.

Kujua limekolea, chukua kijiti kirefu, gundishia kifuniko cheupe cha chupa chini, zamisha polepole ukiangalia kutoka juu. Kikipotea ukiwa na sentimita 2 au 3, vuna. Ukishavuna mpaka chaonekana kwa sentimita 5, acha hapo, usiwe mlafi.

Sasa maji, na hapa naomba usome pole pole manake Mombasa maji ndo kizungumkuti.

Maji ya kisima. Watu wote wanayakimbilia kwa sababu yapo. Lakini kisiwa chetu na hizi kingo zake zote zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya kisima yamejaa kalisi, yale madini ya chokaa, na mara nyingi yana chumvi. Ukitia baikaboneti (ile soda ya kuokea, ndo chakula cha kaboni cha spirulina) na pH ikapanda, kalisi inashikana inakuwa unga mweupe unaozama chini, chokaa kabisa, na inaondoka na mbolea yako ya fosfeti. Utatia mbolea utie tena, inaishia sakafuni. Na mitaa yenye vyoo vya shimo vilivyobanana na visima, ee, hiyo ni spirulina ya kula kweli?

Maji ya mfereji ni bora, ila yana klorini. Yaache wazi kwenye tangi siku nzima juani, mengi ya klorini yanaruka. Shida yake ni kuja kwake, mimi nategemea mitungi ya muuza maji na kila akija namuuliza ya wapi, mara nyingine naambiwa ya mfereji, nikionja ni ya kisima.

Maji ya mvua ndo mfalme, laini, hayana kitu. Tangi langu Januari kaskazi ikivuma linakunywa karibu lita 10 kwa siku kwa kukauka tu, na usisahau kinachokauka ni maji peke yake, chumvi na kalisi vinabaki, kwa hivo ukijazia kisima kila siku kwa miezi mitatu umepika supu ya mawe. Kujazia ndo kwataka maji safi hata kuliko kuanzia. Kinga mvua ya masika, mwaga ya dakika za mwanzo inayoosha bati, na weka tangi moja pembeni la kujazia peke yake.

Maji ya bahari kwa spirulina, usidanganyike eti ni bure. Yana kalisi na magnesiamu nyingi, ukipandisha pH yanaganda maziwa mbele ya macho yako. Yaweza kutumika yakisafishwa kwanza, kazi yake si ya nyumbani. Kwa nano ndo yenyewe, na hapo usichote Tudor wala karibu na mifereji ya maji machafu, nenda upande wa bahari kuu, maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua ni nzuri zaidi manake bahari inaingiza maji mapya. Halafu yachujwe, yauliwe vijidudu kwa klorini, klorini nayo iuawe na thiosalfeti, ndo utie mbegu. Na chumba chenye ubaridi wa 25 hivi mchana na usiku, na taa. Waona gharama inavyopanda.

Chakula cha spirulina. Wataalamu husema baikaboneti gramu 16.8 kwa lita, ni fomula ya mtafiti Zarrouk ya 1966. Kwa lita 400 hizo ni karibu kilo 7. Wafugaji wadogo wengi huanza na gramu 8 kwa lita na chumvi ya kawaida gramu 5, yakua sawa tu, mimi niko huko, kilo 3 na kidogo. Watu waniuliza, si nitumie magadi yale ya kupikia maharagwe? Magadi yana kaboneti nyingi ndani, yanarusha pH juu mara moja, na yana mchanga na vitu vingine hujui. Nilijaribu kwenye ndoo, pH ikaanzia karibu 10 na mbegu ikakataa. Baikaboneti yaanza 8 na nusu hivi, mwani ukila kaboni yake pH yapanda yenyewe, na hiyo ndo saa yako ya ukutani: ikitoka 9 ikienda 10 ujue inakula, ikiganda siku tatu kuna jambo, ikielekea 11 imeishiwa kaboni ongeza. Hewa tu ya pampu haitoshi kulisha, kaboni dayoksaidi kwenye hewa ni kama 0.04 kwa mia.

Nitrojeni: potasiamu naitreti ama urea. Urea ni rahisi na iko kila duka la mbolea, lakini kwenye pH kubwa hugeuka amonia na amonia yaua. Waitumiao hutia chembe kila siku. Mimi niliisahau nikatia mara mbili, siku hiyohiyo harufu ya choo cha stendi. Nimerudi kwa naitreti, ghali lakini nalala usingizi, na natafuta ile safi inayoyeyuka yote, si ya mashamba yenye takataka za metali. Chuma watu hupata kwa kuloweka misumari isiyopakwa kitu kwenye siki na ndimu, unatia matone. Inafanya kazi, usiniulize kwa nini nafurahia sana hii.

Kukoroga: fagio au pampu? Pampu za maji zenye pangaboi zinakatakata nyuzi, ukikata nyuzi zapita kwenye kitambaa, umejipiga mwenyewe. Hewa ya mapovu ni pole zaidi. Kwa mita 2 za mraba fagio safi mara nne, tano kwa siku yatosha, ila usiruke saa ya jua kali manake spirulina huelea na ule utando wa juu unachomeka kama andazi. Faida nyingine ya fagio stima ikipotea haijui.

Kuvuna natumia kile kitambaa laini cha mafundi wa kuchapisha fulana, matundu yake maikroni 40 hivi, nasuuza, nakamua, nasokota kwa mashine ya tambi na kuanika kwenye kikaushio cha jua chenye kifuniko. Isivuke digrii 60. Masika usijaribu kukausha nje, unyevu wa pwani utaichachisha kabla ya jioni, ile mbichi kula siku hiyohiyo ama tia friza. Kama wataka kuuza, ipeleke maabara kwanza na fuata alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, chakula si mchezo. Na wale wanaoitangaza kama vitamini B12 ya wasiokula nyama, sehemu kubwa ya B12 yake mwili hauitumii. Protini ndo yake, 55 hadi 70 kwa mia ya uzito mkavu.

Sasa hesabu ya kukuvunja moyo kidogo. Tangi wazi la kienyeji linalosimamiwa vizuri hutoa gramu 5 hadi 8 kavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Langu la mita 2 ni gramu 10 mpaka 16. Kilo moja ni miezi miwili mpaka mitatu na kidogo. Kwa familia ni nyingi, kwa biashara ni kichekesho, biashara yataka uanzie kama mita 50 na mtu wa kulala hapo.

Kwa hivo mwenye uwanja mdogo ama juu ya dari Majengo, Likoni, Bamburi, mimi ningekupa spirulina, tangi wazi la turubai, neti, mvua, baikaboneti, fagio. Klorela ningekuachia ukiwa na maabara ama chuo nyuma yako. Nano chukua kama una kitalu cha samaki wa bahari ama majirani wanaonunua, na stima yako ina jenereta. Dada yangu alitaka chupa ukutani kwa sababu ya urembo, nikamwambia sawa, weka moja, ukuta wa mashariki, jua la asubuhi tu. Iko mwezi wa nne sasa, saa nane inasoma 34, na kila jioni aipiga picha.